Shujaa ni Nani, na Nani wa Kumshuhudia?

Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu, na kumtakia rehema na amani Mtume wake Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake, twasema haya yafuatayo.

Ndugu zetu wa pwani wenye kusoma vijitabu hivi, barazani mara nyingi husikiwa mabishano juu ya watu waliopigana vita vya Wazungu. Mmoja husema: Babu yetu alikuwa shujaa, alivaa nishani kifuani. Wa pili humjibu: Nishani ile ni kipande cha madini alichopewa kwa kuwatumikia waliotutawala, ushujaa gani huo? Na wa tatu hunyamaza, kwani babu yake alikwenda vitani na mzigo kichwani, asirudi tena, wala haikuletwa nishani wala khabari ya kaburi. Maneno haya si ya kupuuzwa. Ndani yake mna swali kubwa: Shujaa ni nani? Na ni nani mwenye haki ya kumshuhudia kwamba yeye ni shujaa? Tutalijibu kwa kadiri ya ufahamu wetu, tukianza na tendo, kisha niya, kisha ushahidi.

Twaandika haya tukiwa Shirimatunda, kata moja katika Manispaa ya Moshi, chini ya mlima wa Kilimanjaro. Si ajabu swali hili kuulizwa huku, kwani nchi hii ya mlima ilikuwa mlango wa vita vya mwaka 1914 hata 1918. Tarehe 11 na 12 Machi 1916 watu walipigana mchana na usiku katika vilima vya Latema na Reata, karibu na Taveta, na baada ya siku chache mji wa Moshi ukaingia mkononi mwa Waingereza. Upande wa Waingereza walikuwapo askari wa kikosi cha 3 cha K.A.R., na Wabaluchi wa kikosi cha 130 kutoka Bara Hindi, wengi wao Waislamu. Upande wa Wajerumani walikuwapo askari wa Kiafrika, na miongoni mwao Waislamu vile vile walikuwa wengi. Juu ya hayo, mwezi wa Novemba 1914 dola ya Sultani wa Istanbul ilikuwa imekwisha kutangaza jihadi, na Wajerumani wakaitumia khabari hiyo katika nchi zetu. Basi Mwislamu alimpiga Mwislamu kwa amri ya Mzungu, na kila dola ikaahidi kuwatukuza mashujaa wake.

Nishani iliyo kubwa kuliko zote kwa ushujaa katika jeshi la Waingereza ni ile iitwayo Victoria Cross. Iliwekwa na Malkia Victoria mwaka 1856. Madini yake si dhahabu wala fedha, bali ni shaba iliyochanganywa, na juu yake pameandikwa kwamba imetolewa kwa ushujaa. Umbo lake ni la msalaba, na hukumu ya Mwislamu kulivaa umbo hilo twawaachia mafakihi, kwa kuwa si maudhui yetu leo. Ambalo twataka kulitazama ni hili: waliopewa nishani hiyo katika vita vya nchi zetu walifanya nini?

Wa kwanza tumtajaye ni Luteni Wilbur Dartnell, mzaliwa wa Australia. Tarehe 3 Septemba 1915, karibu na Maktau, baina ya Voi na Taveta, kundi lake lilizidiwa nguvu. Yeye alipigwa risasi ya mguu, na wenzake wakawa wamchukua kumwondoa. Alipoona kwamba majeruhi walio taabani hawawezi kuchukuliwa, alikataa kuondoka, akaamuru aachwe pamoja nao, akitaraji huenda akayaokoa maisha yao. Akauawa pale pale. Kaburi lake liko Voi.

Wa pili ni Kapteni William Bloomfield, wa jeshi la Afrika ya Kusini. Tarehe 24 Agosti 1916, huko Mlali katika nchi ya Morogoro, aliwarudisha watu wake nyuma, na alipofika mahali pa salama akaambiwa kwamba koplo mmoja aliyejeruhiwa amesahauliwa. Akatoka yeye mwenyewe, akavuka uwanda mtupu wa yadi 400 hivi mbele ya macho ya adui na risasi zikimiminika, akamchukua mtu yule, akarudi naye.

Wa tatu ni Sajini Frederick Booth, aliyekuwa pamoja na kikosi cha askari wa Kiafrika kutoka Rhodesia. Tarehe 12 Februari 1917, karibu na Songea, aliingia peke yake katika kichaka kilichojaa risasi, akamtoa mtu aliyejeruhiwa vibaya.

Tazameni, ndugu zangu. Watu watatu, mahali patatu, na katika matendo yao tendo ni moja: kutomwacha aliyeanguka. Mtu hudhani kwamba nishani ya juu ya vita hupewa aliyeua wengi. Wapo waliopewa kwa hayo pia. Lakini hawa watatu wa nchi zetu walitukuzwa kwa sababu ya huruma iliyokuwa na nguvu kuliko khofu. Na hili lawafikiana na waliyoyasema wanazuoni wetu. Imamu Ghazali asema kwamba ushujaa ni kati na kati, baina ya uwoga upande mmoja na kujitupa ovyo upande wa pili. Mwenye kujitupa motoni bila ya sababu si shujaa, ni mpumbavu. Shujaa ni yule ambaye akili yake yamwambia: Hapa pana jambo lenye thamani kuliko roho yako, nenda, naye akaenda hali moyo wamdunda. Mtume naye, rehema na amani zimshukie, alifundisha kwamba mwenye nguvu si yule awaangushaye watu katika mieleka, bali ni yule aimilikiye nafsi yake wakati wa hasira. Basi kipimo cha tendo ni kuimiliki nafsi kwa ajili ya jambo lililo jema.

Hapa yule wa pili wa barazani atasimama aseme: Yawaje tendo kuwa jema, na vita vyenyewe ni vya dhuluma, wageni wawili wakigombania nchi isiyo yao? Jawabu yetu ni kwamba mambo haya ni mawili, wala hayafai kuchanganywa. Hukumu ya vita ni juu ya walioviwasha, na hukumu ya tendo ni juu ya aliyelitenda. Mwenye kumtoa majeruhi katika moto amefanya wema hata akiwa ndani ya vita vibaya, na mwenye kumwua majeruhi amefanya uovu hata akiwa katika vita vya haki. Wala wema wa askari hauvitakasi vita vya bwana wake. Dola hupenda tusahau hilo. Hutuonesha kifua cha mtu mmoja chenye nishani ili tusiulize vita vile vilikuwa vya nini. Mwenye akili husifu tendo, na huliuliza swali lake vile vile.

Tuje sasa katika niya. Katika mafundisho yetu hapana jambo la kutisha kwa mwenye kutafuta sifa kama hadithi ile ya watu watatu watakaohukumiwa kwanza Siku ya Kiyama. Mmoja wao ni mtu aliyepigana hata akauawa. Ataulizwa alifanya nini, naye atasema kwamba amepigana kwa ajili ya Mola wake. Ataambiwa kuwa amesema uwongo. Alipigana ili asemwe kuwa ni shujaa, na hayo yalikwisha kusemwa. Kisha ataburutwa kutiwa Motoni. Na katika hadithi ya Abu Musa, Mtume aliulizwa juu ya apiganaye kwa ngawira, na apiganaye ili atajwe, na apiganaye ili cheo chake kionekane. Akaeleza kwamba aliye katika njia ya Mungu ni yule tu apiganaye ili neno la Mungu liwe juu.

Kwa hiyo nishani haiwezi kufika mahali pa niya. Yaliyomo moyoni hayamo katika hati ya mfalme. Wako walioivaa na mioyo yao i safi, na wako walioivaa na ndani mna ria tupu, na shaba ni ile ile. Lakini jihadharini, maana upanga huu una makali pande mbili. Kama hatuwezi kusema, Huyu ni mtu wa Peponi kwa kuwa ana nishani, basi hatuwezi pia kusema, Huyu alikuwa mtumwa wa Wazungu, hana lolote. Askari wa zamani wengine waliingia jeshini kwa njaa, wengine kwa kulazimishwa, wengine kwa mshahara wa kuolea, na wengine kwa kufuata desturi ya baba zao. Mwenye kuzijua niya zao ni mmoja, naye hakutuwakilisha sisi tumsaidie kuhukumu.

Sasa tufike katika ushahidi, napo ndipo penye uzito wa maneno yetu. Nishani ni nini katika hakika yake? Ni ushahidi. Ni mtu mwenye cheo anayesema: Nimeona, au nimeletewa khabari na walioona, kwamba fulani alitenda kadha wa kadha. Na ushahidi wote una mpaka, nao ni jicho la shahidi. Asichokiona hakiandiki, na asiyetaka kumwona hamwandiki.

Angalieni mfano huu. Tarehe 19 Mei 1941, huko Colito katika Uhabeshi, kikosi cha 1/6 cha K.A.R., nacho ni kikosi cha Tanganyika, kilikuwa kikipigana na Wataliani. Vikatokea vifaru, yaani magari ya chuma ya vita, vikawa karibu kuwakanyaga askari waliotangulia. Sajini Nigel Leakey, mzaliwa wa Kenya, mwana wa walowezi, alikiparamia kifaru kimoja, akakifungua kifuniko chake, akawaua waliomo ila dereva, akamshurutisha kukipeleka mahali pa kujificha. Kisha akaviendea vingine kwa miguu, akapanda juu ya kimoja, akapigwa risasi akafa. Huo ni ushujaa usio na shaka, na nishani yake ilitangazwa mwaka 1945. Lakini hati ile ile ya kumsifu yasema kwamba hakuviendea peke yake. Alifuatana na sajini meja Mwafrika pamoja na askari. Uwanja ule ule, risasi zile zile, vifaru vile vile. Wa kwanza ametajwa kwa jina na cheo na kikosi. Wa pili ametajwa kwa cheo na rangi. Jina lake halimo.

Na katika hati ile ya Dartnell ya mwaka 1915, askari weusi wa upande wa adui wametajwa pia, nao wametajwa kuwa ni wauaji wa majeruhi. Hayo ni maneno ya upande mmoja katika vita, na ikiwa ni kweli basi waliofanya hivyo walifanya haramu, wala hatuwatetei kwa kuwa ni wenzetu. Lakini pimeni: kalamu ile ilimwona mtu mweusi pale alipoua, na ile ya mwaka 1941 ilimwona alipoandamana na Mzungu kuiendea mauti, na katika mara zote mbili haikumwuliza jina lake.

Wala si jicho tu, bali na kanuni pia zilikuwa na mlango na kufuli. Askari wa Bara Hindi hawakuruhusiwa Victoria Cross mpaka mwaka 1911. Mlango ulipofunguliwa, wa kwanza kuingia alikuwa Mwislamu, Khudadad Khan, wa kikosi cha 129 cha Wabaluchi. Tarehe 31 Oktoba 1914 huko Ubelgiji alibaki akipiga bunduki ya bombomu hali amejeruhiwa, mpaka wenzake watano wa bunduki ile wakauawa wote. Maadui wakamwacha wakidhani amekufa, naye akatambaa usiku hata akafika kwa watu wake. Basi tujiulize: ushujaa wa Wahindi ulianza mwaka 1911, au ni ruhusa ya kuuona ndiyo iliyoanza mwaka ule? Askari wa K.A.R. walikuwa na nishani zao za daraja nyingine, na wapo waliozipata kwa haki. Lakini katika vita vyote viwili hapana askari Mwafrika wa K.A.R. aliyepewa Victoria Cross. Kwa Wajerumani nako, jemadari wao von Lettow-Vorbeck alipewa mwaka 1916 nishani iitwayo Pour le Mérite, nayo kwa kanuni ni ya maofisa tu. Askari waliomfuata hata siku ya kuweka silaha, Novemba 1918, hawakuwa na njia ya kuifikia.

Tena nishani hutolewa na mwenye dola. Abushiri bin Salim, aliyewapinga Wajerumani pwani yetu, alinyongwa Pangani mwaka 1889. Huku mlimani, watu wa Mangi Meli waliwashinda Wajerumani mwaka 1892 na kumwua kamanda wao von Bülow, na Meli mwenyewe akanyongwa Moshi ya Kale mwaka 1900. Ni nani angewapa hao nishani? Aliyekuwa na nishani za kugawa ndiye aliyekuwa na kamba.

Na chini ya hao wote wako wapagazi. Jina la Kariakoo, ambalo kila mtu wa Dar es Salaam hulitamka kila siku, limetokana na jeshi lile la wachukuzi wa mizigo. Hawakuwa na bunduki. Walichukua risasi na unga na majeruhi kwa vichwa na mabega, katika matope na njaa, na kilichowaua zaidi ni maradhi ya kuhara na homa. Hesabu za serikali ya Waingereza zenyewe zilipita 40,000 kwa waliokufa katika utumishi wao, na wachunguzi wa baadaye wamekisia kufika karibu ya 100,000. Mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia warithi wao. Katika miaka ya 1920 ziliwekwa sanamu za shaba Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi kwa ukumbusho wa askari na wapagazi, ila majina ya mtu mmoja mmoja hayakuandikwa. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Waingereza ilikiri kwa maandishi kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza ikaomba radhi bungeni. Miaka 100 na zaidi ilikuwa imepita.

Sasa mrudieni yule wa tatu wa barazani, aliyenyamaza. Babu yake alichukua mzigo kwa mikono miwili, asiwe na hata mkono mmoja wa kujikinga. Tumekwisha kuona kwamba miongoni mwa waliopewa nishani iliyo kubwa kupita zote wako waliopewa kwa kumchukua aliyejeruhiwa mbele ya risasi. Na kazi ya kuwachukua majeruhi ilikuwa ni kazi ya wapagazi kila siku. Tendo ambalo kwa ofisa lilikuwa ni ajabu la kuandikiwa mfalme, kwa mpagazi lilikuwa ni amri ya asubuhi. Mtu atasema: Huyu alilazimishwa, na aliyelazimishwa hana ushujaa. Twajibu: Alilazimishwa kwenda, lakini hapana awezaye kumlazimisha mtu asiitupe machela risasi zinapoanza. Pale mtu huwa peke yake na nafsi yake. Wako waliotupa wakakimbia, na wako wasiotupa. Hao wasiotupa walikuwa mashujaa, na shahidi wao hakuwa mwenye kalamu.

Imepokewa kwamba katika ukhalifa wa Sayyidna Umar, Mungu amwie radhi, baada ya vita vya Nihawandi, alikuja mjumbe Madina na khabari ya ushindi. Umar alimwuliza ni nani waliokufa. Mjumbe akawataja wakubwa wenye kujulikana, kisha akasema kwamba wako na wengine ambao Amiri wa Waumini hawajui. Umar akalia, akasema kwamba haiwadhuru kitu kutojulikana na Umar, maadamu Mwenyezi Mungu awajua.

Wengi huishika nusu ya mwisho ya kisa hiki wakaridhika, wakasema: Mungu awajua, yatosha. Kwao wao waliokufa, naam, yatosha. Kwetu sisi tulio hai haitoshi. Tazameni alivyofanya Umar: aliuliza kwanza, na aliposikia kwamba wako wasiojulikana alilia. Hakusema yatosha mpaka alipokwisha kuwauliza na kuwalilia. Nasi tumekatazwa kuuficha ushahidi, na tumefundishwa kwamba asiyewashukuru watu hamshukuru Mungu. Mwenye khabari ya babu yake akaiacha ife naye, huyo ameficha ushahidi, wala asimlaumu Mwingereza kwa kutoandika.

Basi twatoa nasaha tatu. Ya kwanza, msiidharau nishani ya mtu wala msimwabudu kwayo. Ni ushahidi wa watu juu ya saa moja ya maisha yake. Mheshimuni kwa saa hiyo, na mengine yote muachieni Mola wake. Ya pili, wazee waliopata kusikia kwa baba zao nani alikwenda vitani kutoka mtaa gani na hakurudi, waketi na vijana wajuao kuandika, yaandikwe majina. Hata wa vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, ambao wenzao wangali hai. Taifa letu lina Siku ya Mashujaa kila tarehe 25 Julai. Siku hiyo na isomwe orodha ya mtaa, jina kwa jina, na waombewe dua walio wetu. Ya tatu, mkimtafuta shujaa wa kumfuata, msitafute katika vita peke yake. Yuko asiyemwacha mgonjwa wa maradhi ambayo watu huyakimbia, na yuko asemaye kweli mbele ya kadhi hali jamaa zake wamkazia macho. Hao nao wavuka uwanda wao.

Na yule wa tatu wa barazani, tangu leo asinyamaze. Akiulizwa babu yake alipata nini, na ajibu: Alipata kuwachukua watu walioanguka, na jina lake alikuwa fulani bin fulani. Huo ni ushahidi, na ukiandikwa utabaki kuliko shaba.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa mashahidi wa kweli, aziepushe niya zetu na ria, na awarehemu waja wake wema tusiowajua, ambao Yeye awajua. Amin.